Kibaba Kikijaa, Kina Uzito Gani?

WAHENGA walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Ni methali ambayo kila mtoto aliyepitia darasa la Kiswahili humu nchini ameikariri, na funzo lake kuhusu subira na akiba halihitaji mfafanuzi. Hata hivyo, methali hiyo imelinyamazia jambo moja ambalo kila anayepika, anayeuza au anayenunua chakula hana budi kujiuliza. Kibaba hicho kikishajaa, kina uzito gani? Jibu ni kwamba hatuwezi kujua mpaka tuambiwe kimejaa nini. Kibaba cha unga, kibaba cha sukari na kibaba cha asali ni sawa machoni, lakini ukivipandisha kwenye mizani hakuna kinacholingana na mwenzake.

Yamkini msomaji atauliza ni kwa nini nimeacha siasa na bei ya mafuta nikaja kuzungumzia vikombe na vijiko. Sababu ni kwamba nimeliona jambo hili likiwagharimu watu wengi bila wao kujua, hususan kina mama na vijana wanaojitafutia riziki kwa kupika mandazi, chapati, mahamri na keki. Wenyewe husema biashara ni ngumu, unga umepanda na wateja hawana fedha. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna hasara nyingine ambayo haitoki kwa serikali wala kwa mwenye kinu cha kusaga. Imo ndani ya kikombe wanachochotea unga.

Kiini cha tatizo ni hiki: sisi hununua kwa uzito na kupika kwa ujazo. Dukani unga huja katika pakiti ya kilo mbili, sukari kwa kilo, nyama kwa kilo au nusu kilo. Tukifika jikoni, mizani haipo. Pana kikombe, kijiko, bakuli na kiganja cha mkono. Mpishi anayeambiwa atumie vikombe vinne vya unga hajui ametumia sehemu gani ya pakiti aliyoilipia, na anayeambiwa atumie gramu 500 hajui achote vikombe vingapi. Hizo ni lugha mbili, na wengi wetu hatujawahi kupewa mkalimani.

VIPIMO VYA JADI

Si kwamba wazee wetu hawakuitambua tofauti hii. Waswahili wa pwani walikuwa na vipimo vya chombo: kibaba, kisaga ambacho ni vibaba viwili, na pishi ambayo ni vibaba vinne. Hivyo vilipimia nafaka na vyakula vya nyumbani. Fauka ya hivyo walikuwa na vipimo vya mizani: wakia, ratili na frasila, ambayo hukaribia kilo 16. Hivi vilipimia bidhaa za thamani zilizovuka bahari, kama vile pembe za ndovu na karafuu. Yaani walijua kwamba mahali ambapo senti moja ina maana, chombo hakitoshi, hapana budi mizani iletwe.

Huku bara tulirithi madebe. Debe lilianza maisha yake likiwa mkebe wa mafuta ya taa wa galoni nne, takriban lita 18, kisha likageuzwa kuwa kipimo cha mahindi na viazi. Gorogoro nayo ilikuwa mkebe wa kilo mbili za mafuta ya kupikia. Mafuta yalipokwisha, mkebe haukutupwa. Ulipelekwa sokoni ukawa hakimu kati ya muuzaji na mnunuzi. Lakini tazama kinaya kilichopo. Mkebe huo uliitwa wa kilo mbili kwa sababu ya mafuta yaliyokuwamo. Ukitia maharagwe, uzito ni mwingine. Ukitia unga, ni mwingine tena. Ukirundika nafaka mpaka zimwagike, ni mwingine kabisa. Jina la kilo mbili limebaki, ilhali kilo zenyewe ziliondoka pamoja na mafuta.

Wapo waliolitatua tatizo hili kwa njia ya kuigwa. Kila mwezi wa Ramadhani unapokaribia kwisha, Waislamu hutoa zaka ya fitri, ambayo asili yake ni pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumbani. Pishi ni ujazo, na siku hizi mchele hununuliwa kwa kilo. Wanazuoni walilazimika kutafsiri ujazo kuwa uzito, na katika misikiti mingi waumini hutangaziwa kilo mbili na nusu, ingawa wapo wanaosema kilo tatu ili pasiwe na shaka. Tofauti hiyo inaeleweka. Pishi ya tende, pishi ya shayiri na pishi ya mchele haziwezi kuwa na uzito mmoja. La maana ni kwamba waliketi, wakapima, wakakubaliana, kisha wakawatangazia watu hesabu waliyoifikia. Jikoni mwetu bado hatujafanya hivyo.

VIKOMBE VYA NG'AMBO

Mambo yalizidi kutatanika tulipoanza kupokea mapishi kutoka nchi za nje. Wakoloni Waingereza walituletea ratili na wakia. Baada ya uhuru tukahamia kilo na lita. Kisha kukaja mapishi ya Marekani, ambako mapishi hupimwa kwa kikombe. Mwalimu mmoja wa upishi mjini Boston, Fannie Farmer, alichapisha kitabu chake mwaka 1896 akisisitiza kwamba kikombe na kijiko visawazishwe juu kwa kisu badala ya kufurika ovyo. Kitabu hicho kilipata umaarufu mkubwa, na mpaka leo jiko la Mmarekani huongozwa na kikombe, wakati wapishi wengi wa Ulaya hutumia mizani.

Leo mapishi hayo yote hutufikia kwa simu, yakiwa yamechanganyikana kama mbegu za aina mbalimbali katika gunia moja. Msichana wa Nakuru husoma neno "kikombe" asijue ni kikombe cha nani. Kikombe cha Marekani huchukua takriban mililita 237. Cha Australia ni mililita 250. Waingereza wa zamani walipotaja kikombe, aghalabu walimaanisha nusu painti yao, yaani mililita 284. Hata kijiko kikubwa cha mezani hakikusalimika: kwa wengi ni mililita 15, lakini kwa Waaustralia ni 20. Na kikombe cha chai kilichoko kabatini mwake huenda hakilingani na chochote kati ya hivyo.

Tuseme basi tumekubaliana juu ya kikombe kimoja, kile cha mililita 250. Je, tatizo limekwisha? La hasha. Hapo ndipo linapoanza.

KILA CHAKULA NA UZITO WAKE

Wafaransa walipoanzisha gramu mwaka 1795, waliifafanua kwa kutumia maji: sentimita moja ya ujazo ya maji baridi ndiyo gramu moja. Ndiyo sababu lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na kikombe chetu cha mililita 250 kikijaa maji huwa na gramu 250. Hesabu hiyo ni nyepesi, na wepesi wake umewaponza wengi. Watu hudhani kwamba kila kikombe cha kila kitu kina gramu 250, kana kwamba dunia yote imeumbwa kwa maji.

Ukweli ni kwamba kikombe hicho kikijaa mafuta ya kupikia huwa na takriban gramu 230, kwani mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana huelea juu ya mchuzi. Kikijaa sukari nyeupe huwa karibu gramu 210. Mchele mbichi hukaribia gramu 200. Asali ni nzito mno, kikombe kimoja hufika gramu 350. Unga wa ngano, ambao ndio msingi wa biashara ya wapishi wetu wadogo, huanzia gramu 125 tu. Kwa hiyo kikombe cha asali chaweza kuwa na uzito wa karibu mara tatu ya kikombe cha unga. Anayetafuta kanuni moja ya kugeuza vikombe kuwa gramu kwa vyakula vyote anatafuta kisichokuwepo. Kila chakula kina kanuni yake.

Mbaya zaidi, unga haukubali hata kuwa na kanuni moja. Ili nisizungumze kwa kubahatisha, nilichukua kikombe cha mililita 250, pakiti ya unga wa ngano na mizani ndogo ya betri. Kwanza niliutia unga ndani ya kikombe kwa kijiko, taratibu, kisha nikasawazisha juu kwa ubapa wa kisu. Mizani ikasoma gramu 127. Mara ya pili nilikichovya kikombe moja kwa moja ndani ya pakiti, nikachota na kusawazisha. Ikasoma 149. Mara ya tatu nilichota, nikakigongagonga kikombe mezani kama wafanyavyo wengi, nikaongeza unga mpaka kikajaa tena. Ikasoma 174. Kikombe ni kimoja, unga ni mmoja, mpimaji ni mmoja, na tofauti ni gramu 47, yaani zaidi ya theluthi ya kipimo cha kwanza. Nilipofanya vivyo hivyo kwa sukari, tofauti haikufika gramu 10.

Sababu yake si muujiza. Chembe za unga ni nyepesi na laini, na katikati yake hukaa hewa. Ukiutikisa au kuushindilia, hewa hutoka na unga hujipanga upya. Ukiuchekecha, hewa hurudi. Punje za sukari ni nzito na hujipanga zenyewe pindi zinapomiminwa. Basi anayepima unga kwa kikombe hupima unga pamoja na hewa, na kiasi cha hewa hubadilika kila siku kulingana na mkono wake.

HASARA YA MUUZA MANDAZI

Sasa tuingie katika fedha. Tumfikirie mama anayeuza mandazi kando ya kituo cha matatu. Tusimpe jina, kwa sababu yuko katika kila mji wa nchi hii. Kwa kila vikombe vinne vya unga yeye hukata mandazi 32, yaani mandazi manane kwa kikombe. Akitia unga kwa utaratibu, kikombe kikawa na gramu 125, pakiti ya kilo mbili itampa vikombe 16, na vikombe 16 vitampa mandazi 128. Lakini tuseme yeye huchovya kikombe pakitini, kikawa na gramu 150. Pakiti ile ile itampa vikombe 13 na kitu, na mandazi yatakuwa 106.

Mandazi zaidi ya 20 yamepotea katika pakiti moja, na hakuna mwizi aliyepita. Yamekwenda wapi? Yamegawanyika ndani ya mandazi mengine, kila moja likawa nene kidogo kuliko alivyokusudia. Mteja hamshukuru, kwa kuwa hajui. Tukichukulia kwamba andazi moja huuzwa shilingi 10, hizo ni takriban shilingi 200 kwa pakiti. Akipika pakiti tatu kwa siku, ni shilingi 600. Kwa siku sita za juma, ni shilingi 3,600. Huyu ndiye mama anayelalamika kwamba haelewi mbona hawezi kulipa karo ilhali mandazi yake huisha kila asubuhi. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la mpishi huanzia kwenye mizani.

Isitoshe, si fedha tu zinazopotea. Mandazi yenyewe huharibika. Vikombe vinne vya gramu 125 ni gramu 500 za unga. Akitia mililita 300 za maziwa, kila gramu 100 za unga hupata mililita 60 za kuukanda. Lakini ikiwa vikombe vile vile vimebeba gramu 600, na maziwa ni yale yale 300, kila gramu 100 za unga hupata mililita 50 tu. Kinyunya huwa kigumu, hakifuri vizuri, na andazi likipoa huwa kama jiwe. Kesho yake akichota kwa mkono mwepesi, mandazi huwa laini, na wateja humsifu. Keshokutwa ni magumu tena. Yeye husema hamira ilikuwa mbovu, au unga wa kampuni fulani umeharibika. Huenda hamira na unga havina hatia yoyote.

Waokaji wa mikate wanaoijua kazi yao walilitambua hili zamani. Wao huuhesabu unga kuwa mia, kisha maji, chumvi, sukari na hamira huhesabiwa kwa kulinganishwa na mia hiyo, vyote kwa uzito. Akisema maji ni 60, maana yake ni gramu 60 kwa kila gramu 100 za unga. Kwa njia hiyo anaweza kuoka mikate kumi leo na mia tatu kesho, na ladha isibadilike. Wateja huita jambo hilo mkono mzuri. Mwenyewe anajua kwamba ni hesabu.

KIJIKO NA UHAI

Kuna mahali ambapo kosa la kipimo linaweza kuhatarisha maisha. Mtoto anapoharisha, wazazi wengi hufundishwa kumtengenezea kinywaji cha kurudisha maji mwilini iwapo ile dawa ya pakiti haipatikani: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayosahauliwa, nayo ndiyo yenye uzito.

Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa kina takriban gramu 4. Kijiko hicho hicho kikiwa na chumvi laini hukaribia gramu 6. Hivyo nusu kijiko cha chumvi ni gramu 3 tu, kiasi kidogo sana kwa lita nzima. Kijiko kilichofurika chaweza kubeba karibu mara mbili ya kilichosawazishwa. Mzazi anayetia kijiko kizima cha chumvi, tena kilichofurika, akidhani kwamba anaongeza nguvu ya dawa, humpa mtoto kinywaji cha hatari. Sukari ikizidi nayo huweza kuuchochea ule ugonjwa. Ndiyo maana dawa ya pakiti, ambayo viungo vyake vimepimwa kwa mizani kiwandani, ni bora kuliko ya kukoroga nyumbani, almuradi maji yatiwe kwa kiasi kilichoandikwa juu ya pakiti. Kwa mujibu wa fomula ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002, lita moja ya maji huhitaji jumla ya gramu 20.5 za viungo vyote, na kati ya hizo chumvi ya kawaida ni gramu 2.6 pekee. Anayeyajua hayo hataona usumbufu kukisawazisha kijiko chake.

MIZANI YA BURE

Nazisikia pingamizi. Kuna watakaosema kwamba bibi zetu hawakuwa na mizani, nayo pilau ilinukia mtaa mzima. Sikatai. Katika ugali, mpishi huongeza unga huku akisonga mpaka mwiko umwambie basi. Katika pilau huonja, huongeza chumvi, hupunguza moto. Hapo jicho na mkono vinatosha, kwa sababu kosa lingali linaweza kurekebishwa chunguni. Lakini keki ikishaingia jikoni haina marekebisho. Na biashara haina marekebisho baada ya mandazi kuuzwa. Tena bibi yule alitumia kikombe kile kile, bakuli lile lile na mkono ule ule kwa miaka 40. Yeye mwenyewe alikuwa ndiyo mizani. Mjukuu wake aliyehamia mjini hakurithi bakuli wala mkono, amerithi maneno tu: "tia vikombe vinne."

Wengine watasema mizani ni ghali. Kwa anayepika ili auze, mizani ndogo ya jikoni ni chombo cha kazi sawa na karai na mwiko, na kwa hesabu niliyoitoa hapo juu hurudisha gharama yake upesi. Lakini hata asiye na uwezo wa kuinunua ana njia. Pakiti yenyewe ni mizani ya bure, kwa kuwa aliyeifunga ameandika uzito wake. Chukua kikombe unachokitumia siku zote. Fungua pakiti mpya ya unga ya kilo mbili, uchote kwa namna uliyoizoea, ukihesabu vikombe na kuvimimina ndani ya beseni safi mpaka pakiti iishe. Kisha gawanya gramu 2,000 kwa hesabu ya vikombe. Ukipata vikombe 16, kikombe chako ni gramu 125. Ukipata 14, ni takriban gramu 143. Ukipata 12, ni kama gramu 167, na huna budi kuanza kuchota kwa mkono mwepesi.

Fanya vivyo hivyo kwa kilo ya sukari na kilo ya mchele. Kwa ujazo wa kikombe chenyewe, jaza maji katika chupa ya nusu lita uyamimine kikombeni: vikijaa vikombe viwili kamili, kikombe chako ni mililita 250. Andika majibu hayo kwenye karatasi uibandike ukutani karibu na jiko. Kuanzia siku hiyo utaweza kusoma mapishi yoyote ya gramu na kuyapika kwa kikombe, na utajua kila kundi la mandazi limekula sehemu gani ya pakiti. Sharti lililopo ni moja: usikibadilishe kikombe, wala usiibadilishe namna ya kuchota.

WAJIBU WETU SOTE

Kilicho kidogo jikoni ni kikubwa sokoni. Gorogoro inayobonyezwa ubavuni au kuinuliwa kitako humwibia mnunuzi pole pole, na gunia la viazi lililoshonewa nyongeza juu humwibia mkulima kwa jumla. Sheria hatukuikosa. Tunayo Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, inayotaka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Zilikuja pia kanuni za mwaka 2019 zilizotaka viazi vifungwe katika mifuko isiyozidi kilo 50. Lakini sheria haiwezi kumlinda mtu ambaye mwenyewe haoni tofauti kati ya kujaa na uzito. Mnunuzi aliyezoea kuuliza "gorogoro ni pesa ngapi?" bila kuuliza "ni kilo ngapi?" amekwisha kumsamehe mdanganyifu kabla hajadanganywa. Hata bila udanganyifu, anayelinganisha bei ya gorogoro ya maharagwe na bei ya pakiti ya kilo moja dukani hawezi kujua nafuu iko wapi mpaka kwanza ageuze gorogoro kuwa kilo.

Kwa hivyo nina maombi matatu. Kwanza, kwa wanaoandika na kutangaza mapishi, magazetini, redioni na katika simu: kila mnapotaja kikombe cha unga, tajeni na gramu zake. Ni maneno mawili tu yanayoongezeka. Pili, kwa walimu wa hesabu na wa sayansi kimu: wapeni wanafunzi kikombe, unga, sukari na mizani, wapime wenyewe. Somo hilo la nusu saa litawafunza uwiano kuliko kurasa kumi za mifano ya matangi yasiyokuwepo. Tatu, kwa vyama vya kina mama vinavyochangishana kila mwezi: mizani moja yaweza kuzunguka nyumba kumi, kila mwanachama akapima kikombe chake na kuandika.

Sisemi kwamba kibaba kitupwe. Kina heshima yake katika lugha, na kina kazi yake nyumbani. Anayewapikia watoto wake chakula cha jioni na akadirie kwa jicho akipenda, kwani watoto watamweleza kama chumvi imezidi. Lakini anayepika ili auze, na anayekoroga ili amponye mgonjwa, hao na wapime. Naye aliyekosa mizani aifungue pakiti yake leo jioni, ahesabu vikombe, agawanye, aandike. Kalamu na karatasi anazo.